Kabla ya Michai: Siasa za Vilima vya Kericho na Bomet

Tarehe 11 Februari 1889, katika kasri lake jijini Tokyo, Mfalme Meiji alimkabidhi waziri mkuu wake, Kuroda Kiyotaka, katiba ya kwanza ya Japani. Mwaka uliofuata wabunge wakaketi kwa mara ya kwanza. Karibu na wakati huohuo, kwenye vilima vya Nandi, wanaume wenye hasira walimzunguka mzee aitwaye Kimnyole arap Turukat wakampiga kwa rungu mpaka akafa. Kimnyole alikuwa orkoiyot, mtu wa ukoo wa Talai aliyeaminiwa kuona yajayo na kubariki vita. Msafara wa vita aliokuwa ameubariki uliishia kwenye maangamizi, vijana kwa mamia wakapotea. Juu ya hayo, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa maradhi na njaa ilikuwa imebisha hodi. Watu wakakata shauri kwamba mkosi ulitoka kwake.

Tukio la Tokyo limo katika vitabu vingi vya historia ya dunia, na huitwa siasa. La Nandi, likitajwa, huitwa desturi, au ushirikina. Lakini anayefuatilia yaliyotokea baada ya kifo kile, hasa upande wa kusini, katika nchi ya Wakipsigis ambayo leo ni kaunti za Kericho na Bomet, atakuta maswali yaleyale yaliyowakosesha Wajapani usingizi miaka ileile: nani aongoze vita, uamuzi wa wengi ukusanywe wapi, mamlaka ya zamani yapewe kazi gani mpya, na mgeni mwenye bunduki apokewe vipi. Tofauti kubwa ilikuwa muda. Wajapani walipata miaka ya kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Wakipsigis hawakuipata.

Wakipsigis wa miaka ya 1880 hawakuwa na mfalme wala mji mkuu, na hawakuona upungufu. Nchi yao iligawanyika katika maeneo ambayo majina yake bado yako kwenye ramani na kwenye karatasi za kura: Belgut, Bureti, Sot, na pia Waldai. Lakini mambo ya kila siku hayakuamuliwa kwenye eneo. Yaliamuliwa kwenye kokwet, ujirani wa maboma kadhaa yaliyotazamana kwenye mteremko mmoja au yaliyochota maji kwenye kijito kimoja. Ng'ombe wa mtu akila wimbi la jirani, mume akigombana na wakwe, mpaka wa shamba ukisogezwa usiku, wazee waliketi chini ya mti wao wa baraza wakasikiliza. Kila mwenye boma katika kokwet ile alikuwa na haki ya kusema. Hakukuwa na kupiga kura. Maneno yalizungushwa mpaka upande mmoja uchoke au uone haya, kisha mzee mwenye busara kuliko wenzake akayafunga kwa kusema kile ambacho wengi walikuwa wamekwisha kukubali. Aliyekaidi alikuwa na jambo moja la kuogopa, nalo lilimtosha: laana ya wazee.

Juu ya ujirani huo ulitandazwa mfumo wa marika. Kijana aliyetahiriwa aliingia katika ipinda, rika lenye jina maalumu: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi. Rika moja likawa la mashujaa wanaolinda nchi huku lililotangulia likipanda kwenye uzee na kuanza kuketi barazani. Majina yaliendelea kuzunguka, na rika lililokwisha kufa likazaliwa upya kwa vitukuu, baada ya karne moja hivi. Kwa hiyo kila mwanamume alijua lini atabeba mkuki na lini atauweka chini. Ni mpango wa kupokezana madaraka ambao jamii nyingi zenye katiba zilizoandikwa zimeshindwa kuuheshimu.

Jeshi lilikuwa na utaratibu wake, na hapo ndipo Wakipsigis walipotofautiana na ndugu zao Wanandi. Kwa Wanandi, kikosi kilikuwa cha eneo: watu wa sehemu moja walipigana pamoja. Kwa Wakipsigis, vikosi vikubwa vilikuwa vinne, yaani Kipkaige, Ng'etunyo, Kebeni na Kasanet, na mtu alizaliwa ndani ya kikosi cha baba yake popote alipoishi. Wanaume wa Kipkaige walitapakaa nchi nzima, wakiishi jirani na wale wa Kasanet na wa Kebeni. Mpango huu uliishona nchi vizuri, kwa sababu hakuna eneo lililoweza kusimama kama jeshi dhidi ya eneo lingine. Lakini ulikuwa na kasoro moja ambayo baadaye iligharimu maisha ya watu. Kuvikusanya vikosi vyote vinne kwa shabaha moja na chini ya sauti moja kulikuwa kazi ngumu kupita kiasi.

Na uchumi? Ulikuwa ng'ombe na wimbi, lakini ng'ombe ndiye aliyebeba heshima. Mwenye mifugo mingi hakuiweka yote kwenye boma lake. Aliwagawa kwa marafiki wa mbali kwa mkataba wa kimanagta: mtunzaji alikunywa maziwa, mwenye mali akabaki na ng'ombe na ndama zake. Hivyo uvamizi au ugonjwa ukipiga kokwet moja, mtu hakufilisika, na maskini aliyekosa ng'ombe wake mwenyewe alilea watoto kwa maziwa ya mwingine. Urafiki uliojengwa kwa njia hiyo ulivuka mipaka ya maeneo na ya vikosi.

Maziwa hayo yalikuwa na ufundi wake, na bado unaonekana katika nyumba nyingi za Bomet. Kibuyu, sotet, huoshwa na kukaushwa vizuri. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa mpaka ncha yake iwe kaa jekundu, kisha husuguliwa ndani ya kibuyu, na unga mweusi wa mkaa hupakwa kwenye kuta zote kwa sosiot, ufito mrefu uliopondwa ncha. Ndipo maziwa hutiwa, kifuniko kikakazwa na kibuyu kikawekwa mahali pa ubaridi kwa siku kadhaa. Mursik inayotoka humo ina rangi ya majivu mepesi na ladha ya moshi, na haiharibiki upesi. Wanawake ndio waliojua kipimo cha mkaa na idadi ya siku. Na uwezo wa wanawake haukuishia jikoni. Mke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwingine kwa mahari kamili ili boma lake lipate mrithi, na ndoa hiyo ilisimama mbele ya wazee kama ndoa nyingine yoyote.

Nje ya nyumba, upande wa mashariki, ilisimama mabwaita, fungu la matawi lililosimikwa ardhini mahali jua la asubuhi linapogusa kwanza. Hapo baba wa boma alimwomba Asis, Mungu wao, hapo maharusi walizungushwa, hapo vijana wa jando waliagwa. Jioni, mwenye chepkong'o, kinubi cha nyuzi zilizofungwa juu ya ngozi, aliimba habari za ng'ombe, wasichana na mashujaa. Sauti ya kinubi hicho ilikuja kujulikana duniani mwaka 1950, Hugh Tracey alipozunguka na mitambo yake na kurekodi waimbaji wa Kapkatet. Lakini kinubi chenyewe kilikuwa cha kale, na kilikuwa gazeti la nchi isiyokuwa na gazeti.

Nchi hiyo ndiyo iliyopigwa na miaka ya 1890.

Kwanza ilikuja sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe uliingia Afrika kutokea pembe ya kaskazini mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, ukateremka kwa wafugaji mmoja baada ya mwingine. Kufikia 1891 Wamaasai walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya mifugo yao, na ndui ikafuata. Kwa Wakipsigis, mkataba wa kimanagta uliokuwa umebuniwa ili hasara isimwangukie mtu mmoja haukuwa na kinga dhidi ya ugonjwa uliokuwa kila mahali kwa wakati mmoja. Rafiki wa mbali naye alikuwa anazika ng'ombe.

Watu waliopoteza ng'ombe walikwenda kuwatafuta kwa wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 jeshi kubwa la Wakipsigis lilishuka kuelekea nchi ya Wakisii. Lilipofika upande wa mto Mogori lilikutana na Wakisii waliokuwa wamejiandaa, tena kwa wingi kuliko ilivyotazamiwa. Wakisii huliita pambano hilo Saosao na hulikumbuka kama ushindi mkubwa. Kwa Wakipsigis, Mogori ni jina la msiba. Simulizi za wazee husema kwamba sehemu kubwa ya vijana wa wakati ule haikurudi, na kwamba kulikuwa na maonyo yaliyopuuzwa kabla ya kuondoka. Waliorudi kutoka vikosi vilivyokwenda bila sauti moja walirudi na swali moja: nani angewazuia?

Swali hilo ndilo lililomfungulia mlango Kipchomber.

Kimnyole aliyeuawa Nandi aliacha wana, na wawili kati yao waligombea nafasi yake: Koitalel arap Samoei na Kipchomber arap Koilegen. Wanandi waligawanyika nyuma yao. Koitalel alishinda, na Kipchomber akakimbilia kusini kwa Wakipsigis, watu wa lugha na marika yaleyale. Wakati huohuo, upande wa pili wa Bonde la Ufa, Wamaasai walikuwa katika mkasa unaofanana sana na huo. Mbatian, laibon (mtabiri) wao mkuu, alifariki karibu na mwaka 1890, na wanawe Lenana na Sendeyo wakaingia katika ugomvi wa urithi uliovuta watu kwenye vita. Kufanana huko hakushangazi. Ukoo wa Talai wenyewe ulikuwa na asili ya Kimaasai: maoni ya wanahistoria wengi ni kwamba watabiri wa Kimaasai waliokimbia vita vya katikati ya karne ya 19 walipokewa Nandi, na uwezo wao ukageuka taasisi huko. Kwa hiyo aliyekuja kwa Wakipsigis hakuja na uganga mtupu. Alikuja na namna ya kuongoza ambayo ilikuwa imekwisha kujaribiwa na majirani wawili.

Namna hiyo ilikuwaje? Orkoiyot hakuhukumu kesi za mipaka wala za mahari. Hizo zilibaki kwa wazee wa kokwet, na asingethubutu kuwanyang'anya. Kazi yake ilikuwa ile iliyokosekana Mogori. Viongozi wa vikosi walimwendea kabla ya vita, au walituma wajumbe. Yeye alitoa idhini au alikataa, alitaja siku, alitoa dawa ya kutangulizwa mbele ya jeshi, na vita vikifaulu alipelekewa sehemu ya ng'ombe. Wajumbe wake walipita kati ya maeneo wakibeba neno moja kwa wote. Mtu aliyeishi Belgut na mtu aliyeishi Sot, kwa mara ya kwanza, walingoja uamuzi kutoka mlango mmoja.

Haifai kulipamba jambo hili. Talai waliogopwa kama walivyoheshimiwa. Walikuwa wageni, walioana na watu kwa shida, na wengi waliamini kwamba nguvu ileile inayobariki inaweza kuua. Wazee wa Kipsigis waliwapa ardhi na ng'ombe, lakini hawakuwapa mti wa baraza. Ndipo panapoonekana akili ya mpango wenyewe. Watu waliokuwa wameteseka kwa kukosa uongozi mmoja wa vita waliuingiza uongozi huo bila kuvunja uhuru wa ujirani. Waliuweka kando ya wazee, si juu yao. Katika nchi iliyotoka kupoteza ng'ombe wake na vijana wake, huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa wa hali ya juu, na unastahili kusomwa hivyo.

Japani nayo ilitumia kitu cha kale kubeba kitu kipya. Kwa zaidi ya miaka 250 mfalme alikaa Kyoto akiwa mtakatifu asiye na nguvu, huku ukoo wa Tokugawa ukitawala kutoka Edo, yaani Tokyo ya baadaye. Meli za kivita za Marekani zilipotia nanga mwaka 1853 na kudai biashara, utawala huo ulitikisika, na mwaka 1868 vijana wa majimbo ya kusini magharibi waliuangusha kwa jina la mfalme. Mfalme mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 15. Kwa kisingizio cha kurudisha mambo ya kale, walibadilisha karibu kila kitu. Mwaka 1871 majimbo ya kimwinyi yalifutwa. Mwaka 1872 garimoshi lilianza kwenda kati ya Tokyo na Yokohama. Mwaka 1873 kukaja kalenda mpya na sheria ya kuwaandikisha vijana wote jeshini, na mwaka 1876 samurai wakakatazwa kubeba panga hadharani. Mwaka uliofuata baadhi yao waliasi chini ya Saigo Takamori, wakashindwa na jeshi la wana wa wakulima.

Katiba ya 1889 haikuwa ya watu wote. Katika uchaguzi wa 1890 waliopiga kura walikuwa wanaume wa miaka 25 na zaidi wenye kulipa kodi ya moja kwa moja ya yen 15, takriban mtu mmoja kati ya kila mia. Mkulima wa kawaida wa mkoa wa Shizuoka alikuwa na sauti ndogo katika bunge la Tokyo kuliko mwenye boma wa Bureti katika kokwet yake. Hilo halifuti ukweli wa pili: Tokyo ilikuwa na kodi, meli, viwanda, shule na idadi ya watu zaidi ya milioni 30. Ilikuwa pia na zaidi ya miaka 40 kati ya meli za 1853 na mwaka 1899, mikataba ya kinyonge iliyowapa wageni mahakama zao ilipofutwa hatimaye. Ndani ya miaka hiyo waliwaza, wakatuma wajumbe Ulaya na Marekani, wakagombana magazetini, wakaasi, wakaandika, wakafuta.

Na walipanda chai. Samurai waliomtumikia Tokugawa walibaki bila kazi baada ya 1868, na mwaka 1869 kundi moja lao, likiongozwa na Chujo Kageaki, lilikwenda kwenye uwanda mkavu wa Makinohara, Shizuoka, likaanza kufyeka na kuotesha michai. Watu waliozoea panga walijifunza jembe. Chai ikawa bidhaa ya pili baada ya hariri kuiletea Japani fedha za kigeni, na sehemu kubwa ilinunuliwa na Wamarekani. Serikali ilitaka pia kujua siri ya chai nyeusi ya Waingereza, hivyo mwaka 1876 ikamtuma Tada Motokichi, naye mtumishi wa zamani wa Tokugawa, hadi India. Alirudi na maarifa, na mbegu za Assam.

Mbegu za asili hiyohiyo zilifika Kericho, lakini kwa njia tofauti kabisa.

Wakipsigis walimpokea Kipchomber wakati mikutano ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuchora mistari juu ya nchi yao. Mwaka 1894 Uganda ilitangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na mwaka 1895 ikafuata Afrika Mashariki. Nchi ya Wanandi na Wakipsigis iliwekwa kwanza upande wa Uganda, na Aprili 1902 ikahamishiwa upande wa pili bila mkazi wake hata mmoja kuulizwa. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901. Ilipita ukingoni mwa nchi ya Wakipsigis, na kituo kimoja kikaitwa Lumbwa, jina ambalo Wamaasai waliwapa na ambalo wenyewe hawakulipenda. Leo mahali hapo ni Kipkelion. Wanandi waliipinga njia hiyo kwa miaka kadhaa, wakichukua nyaya za simu na vyuma vya reli. Wakipsigis walikuwa waangalifu zaidi. Walitazama, walijadiliana, walifanya amani mahali fulani na kukataa mahali pengine.

Mwaka 1905 mambo yalikatika.

Mwezi Mei mwaka huo meli za Admirali Togo wa Japani zilizamisha au kukamata sehemu kubwa ya manowari za Urusi zilizofika katika mlango wa bahari wa Tsushima, na dunia ikashuhudia taifa la Asia likiishinda dola kubwa ya Ulaya. Katika majuma yaliyofuata, Juni, kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Meja Richard Pope-Hennessy kiliingia Sotik, katika nchi ya Wakipsigis. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu wa Sotik walikuwa wamewavamia Wamaasai na kukataa kurudisha ng'ombe na mateka. Askari walikuja na bunduki ya rashasha, wakachoma nyumba, wakaua watu ambao hawakuwa na silaha ya kufikia upande wa pili, wakaondoka na maelfu ya ng'ombe. Ni ng'ombe waliokuwa wamezaliwa upya kwa taabu baada ya sotoka. Oktoba 19, Koitalel arap Samoei alikwenda kuonana na maofisa wa Uingereza kwa mazungumzo ya amani kule Nandi, akapigwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen. Fimbo zake za uongozi zilichukuliwa kama nyara. Zilirudi Kenya mwaka 2006, baada ya miaka 101.

Huko kusini Kipchomber alikuwa bado hai, na hapo ndipo serikali mpya ilipokutana na taasisi ambayo haikuielewa. Ilikuwa imewateua machifu wake, watu wa kukusanya kodi ya nyumba na kutoa vibarua. Lakini watu waliendelea kumsikiliza mwingine. Katika ripoti za maofisa, Talai walitajwa kama wachochezi na mashetani wa wizi wa ng'ombe. Kilichowaudhi maofisa hao, nyuma ya maneno hayo, kilikuwa wajumbe waliopita usiku kati ya Belgut na Sot wakibeba neno lisilopitia ofisini. Mwaka 1914 Kipchomber na wakuu wenzake wa Talai walikamatwa na kupelekwa uhamishoni katikati ya nchi, upande wa Nyeri na Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a. Kipchomber hakurudi. Tangu Wakipsigis walipomfungulia mlango haikuwa imepita hata robo karne.

Ardhi ilikwenda sambamba na watu. Sotik iligawiwa walowezi, wakaketishwa kati ya Wakipsigis na Wakisii kama ukuta. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilitenga ekari 25,000 za Kericho kwa maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa katika muda mfupi. Ardhi haikurudishwa kwa waliofukuzwa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuja na mtaji, na vilima vilivyokuwa malisho, wimbi na msitu vikaanza kugeuka kijani kibichi cha aina moja mpaka upeo wa macho. Wakipsigis wa mwanzo waliokwenda kuchuma walikuwa wachache. Wengi wao waliona kazi hiyo ni ya mtu asiye na ng'ombe, na makampuni yakaleta vibarua kutoka Nyanza na kwingineko.

Inafaa kusimama hapa kidogo. Makinohara na Kericho ni nchi za chai ambazo mwanzoni zilikabidhiwa watu waliotoka vitani, mmoja samurai aliyeshindwa, mwingine ofisa aliyejeruhiwa. Lakini samurai alipanda kwenye nchi yake, na mazao yakajenga hazina iliyokuwa yake. Mei 2023 waandamanaji walichoma moto baadhi ya mashine zinazochuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho, kwa hasira ya kupoteza ajira. Waliokuwa wakibishana juu ya mashine hizo walikuwa vitukuu wa watu ambao hawakuulizwa juu ya mchai wa kwanza.

Uhamisho wa 1914 haukutosha kuitoa orkoiyot katika fikra za watu. Wana na wapwa wa waliohamishwa walibaki, na mapema miaka ya 1930 maofisa wa Kericho walikuwa wakilalamika tena. Ndipo, mwaka 1934, ikapitishwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai, wote: wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Watu takriban 700 walisombwa hadi Gwasi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali pa joto, malaria na mbung'o, ambapo mfugaji wa nyanda za juu aliona ng'ombe wake wakifa tena kama mwaka 1891. Watoto waliozaliwa huko walikua bila kuona kilima hata kimoja cha Belgut. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Walipofika, boma la babu lilikuwa chini ya michai, au chini ya jina la mtu mwingine.

Yaliyojulikana juu ya nchi ya zamani yaliokolewa vipande vipande. Ian Orchardson, Mwingereza aliyehamia Kericho karibu na 1910 na kuoa huko, aliandika alichokiona na kusikia kwa miaka mingi, na kitabu chake kikatoka baada ya kifo chake, mwaka 1961. J. G. Peristiany, mwanaanthropolojia, alichapisha utafiti wake mwaka 1939, wakati wazee waliopigana kabla ya reli walikuwa bado hai. Mwanahistoria Mkenya Henry Mwanzi alitoa historia ya Wakipsigis mwaka 1977, akitegemea sana midomo ya wazee. Kila mmoja wao alikuta wazee wanaoweza kutaja rika la babu wa babu, kikosi chake, na mto alikouawa.

Lakini ushahidi mmoja mkubwa wa siasa hizo haukuandikwa na mtafiti. Ni sheria ya 1934 yenyewe. Serikali yenye askari, reli, machifu wa kuteuliwa na mahakama ilikiri kwa maandishi kwamba haiwezi kuitawala Kericho maadamu ukoo mmoja umo ndani yake, ukoo ambao haukuwa na bunduki hata moja wala ofisi. Wanasheria wa Talai na Wakipsigis wameishika hoja hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza wakieleza wasiwasi wao juu ya ardhi iliyochukuliwa na watu waliohamishwa. Agosti 2022 kesi ikafikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, dhidi ya serikali ya Uingereza. Wakati mafaili hayo yakisafiri, katika mji wa Kericho zilikuwapo familia za Talai ambazo tangu babu zao warudi kutoka Gwasi zilikuwa hazijapata hati ya ardhi, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mashamba ya chai.